Agano na Ardhi: Dini na Makazi katika Makoloni ya New England, 1620–1691

Makoloni ya Waingereza yaliyoanzishwa kaskazini mwa pwani ya mashariki ya Amerika katika karne ya 17 hujulikana kwa pamoja kama New England. Miongoni mwake yalikuwa Plymouth, Massachusetts, Connecticut, New Haven, Rhode Island na New Hampshire. Huko kusini, koloni la Virginia lilianza mwaka 1607 kama mradi wa wafanyabiashara, na wengi waliofika humo miaka ya mwanzo walikuwa wanaume vijana waliokwenda kutafuta mali. New England ilikaliwa kwa namna nyingine. Watu walisafiri baba, mama na watoto, mara nyingi majirani wa kijiji kimoja au waumini wa mchungaji mmoja.

Imani yao haikuishia kwenye ibada. Iliamua nani agawiwe shamba, nyumba zijengwe umbali gani kutoka mahali pa mahubiri, nani apige kura na nani afukuzwe. Kila usharika ulijihesabu kuwa kanisa kamili, lisilo na askofu juu yake. Kwa sababu hiyo ugomvi wa mafundisho ulikosa mwamuzi wa mwisho, na mara nyingi uliisha kwa upande mmoja kufunga mizigo na kwenda kujenga mji mwingine. Maafikiano ya waumini ndiyo yaliyoanzisha miji ya kwanza, na mafarakano yao ndiyo yaliyoeneza makazi mbali na hapo.

Waliotaka kulitakasa kanisa

Mwaka 1534 Mfalme Henry VIII alilitenga kanisa la nchi yake na Roma, akawa yeye mkuu wake. Chini ya binti yake Elizabeth I, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, Kanisa la Uingereza lilifuata mafundisho ya Kiprotestanti lakini likabaki na maaskofu, mavazi rasmi ya makasisi, Kitabu cha Sala na taratibu nyingi za zamani. Waumini walioitwa Wapuritani waliona kazi imeachwa katikati. Walitaka ishara ya msalaba wakati wa ubatizo, kupiga magoti kwenye Meza ya Bwana na mamlaka ya maaskofu viondolewe, kwa kuwa hawakuviona katika Biblia.

Msingi wa mafundisho yao ulitoka kwa John Calvin wa Geneva. Mungu, walisema, amekwisha kuwachagua wale atakaowaokoa. Matendo mema hayanunui wokovu, yanaweza tu kuwa dalili yake. Sambamba na hilo walishika wazo la agano. Kama Mungu alivyofanya agano na Ibrahimu na uzao wake, ndivyo anavyoweza kufungamana na taifa au kundi la watu, akawabariki wakitii na kuwaadhibu wakikengeuka. Kwa hiyo dhambi ya mmoja ilihesabiwa kuwa hatari kwa wote, na jamii nzima ilijiona ina haki ya kuchunguza mwenendo wa kila mtu.

Wapuritani wengi walibaki ndani ya Kanisa la Uingereza wakitumaini kulirekebisha. Wachache walikata tamaa, wakajitenga na kuunda sharika zao wenyewe, jambo lililokuwa kosa kisheria. Usharika mmoja wa aina hiyo ulikutana Scrooby, kijiji cha Nottinghamshire, katika makao ya William Brewster. Mwaka 1608 waumini wake walikuwa wamekwisha kutorokea Uholanzi, kwanza Amsterdam, na mwaka uliofuata wakahamia Leiden chini ya mchungaji wao John Robinson. Huko waliabudu bila kubughudhiwa, lakini kazi za viwanda vya nguo ziliwachosha, watoto wao walianza kuwa Waholanzi, na vita kati ya Uholanzi na Hispania vilinukia. Wakaamua kuvuka Atlantiki.

Plymouth

Safari ilihitaji fedha ambazo watu wa Leiden hawakuwa nazo. Kundi la wafanyabiashara wa London lilitoa mtaji kwa masharti kwamba mali na faida vitakuwa vya shirika kwa miaka 7. Merikebu Mayflower iliondoka Plymouth, Uingereza, Septemba 1620 ikiwa na abiria 102. Chini ya nusu yao walikuwa waumini wa Leiden. Wengine walikuwa wafanyakazi na mafundi waliotafuta maisha. Hati waliyopewa iliwaelekeza kaskazini mwa Virginia, lakini walitokea Cape Cod, nje ya mipaka ya hati hiyo. Baadhi ya abiria wakaanza kusema kwamba mahali pasipo hati hakuna wa kuwaamuru. Tarehe 11 Novemba, wanaume 41 walitia saini makubaliano ya kuwa jamii moja ya kiraia na kutii sheria watakazojitungia. Agano lililozoeleka kanisani lilitumika hapo kuanzisha serikali.

Mahali walipochagua kujenga palikuwa kijiji cha Patuxet cha Wawampanoag. Kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na meli za Wazungu yalikuwa yameangamiza watu wengi wa pwani hiyo, na Patuxet ilibaki mashamba matupu. Majira ya baridi ya kwanza yaliua karibu nusu ya wageni. Waliosalia walisaidiwa na Tisquantum, mwenyeji wa Patuxet ambaye mwaka 1614 alitekwa na nahodha wa Kiingereza na kupelekwa Hispania, akafika London, na aliporejea mwaka 1619 akakuta watu wake wamekwisha. Aliwafundisha kupanda mahindi na akawa mkalimani wao. Machi 1621 mtemi mkuu wa Wawampanoag, Massasoit, alifanya nao mkataba wa kulindana, kwani maradhi yalikuwa yamewadhoofisha watu wake mbele ya majirani zao Wanarragansett. Baada ya mavuno ya mwaka huo pande hizo mbili zilikula pamoja kwa siku 3. Karamu hiyo ndiyo Wamarekani wa baadaye walioihusisha na sikukuu yao ya Shukrani.

William Bradford, aliyechaguliwa gavana mwaka 1621, aliliongoza koloni kwa sehemu kubwa ya miaka 36 iliyofuata. Mwaka 1623 aligawia kila familia kipande cha kulima, kwa kuwa kilimo cha pamoja kilizaa uvivu na manung’uniko, na mavuno yakaongezeka. Hata hivyo Plymouth ilibaki ndogo na maskini. Wimbi kubwa la wahamiaji lilikwenda kaskazini yake.

Massachusetts

Mwaka 1629 Mfalme Charles I alilivunja Bunge na kutawala bila hilo kwa miaka 11. William Laud, askofu wa London ambaye mwaka 1633 alifanywa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliwabana Wapuritani: wachungaji waliokataa taratibu rasmi walinyang’anywa mimbari zao. Biashara ya nguo katika mikoa ya mashariki, walikoishi wengi wao, nayo ilikuwa imezorota.

Machi 1629 kampuni ya wafanyabiashara na waungwana wa Kipuritani ilipata hati ya kifalme ya kumiliki ardhi kuzunguka Ghuba ya Massachusetts. Hati hiyo haikutaja mahali ambapo mikutano ya kampuni ilipaswa kufanyika. Agosti mwaka huo wanahisa waliokutana Cambridge, Uingereza, walikubaliana kuhama na hati yenyewe, hivyo kampuni ya biashara ikageuka serikali iliyo mbali na macho ya mfalme. Gavana wake alikuwa mwanasheria John Winthrop. Merikebu yake, Arbella, ilitia nanga Salem Juni 1630, na katika mwaka huo walifika watu wapatao 1,000. Karibu 200 walifariki kabla ya mwaka kwisha. Boston ikawa makao makuu.

Tofauti na watu wa Plymouth, viongozi hawa hawakukiri kwamba wamejitenga na Kanisa la Uingereza. Walidai wanakwenda kuonyesha kanisa lililorekebishwa linavyopaswa kuwa, ili nchi waliyoiacha ijifunze. Kati ya 1630 na 1640 watu wapatao 20,000 walivuka bahari kwenda New England. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Uingereza mwaka 1642 na Wapuritani kupata nguvu huko, uhamiaji ulikatika na baadhi ya wahamiaji walirudi. Tangu hapo idadi ya watu iliongezeka hasa kwa kuzaliana, kwani hali ya hewa ilikuwa na maradhi machache kuliko Virginia na wanawake walikuwapo tangu mwanzo.

Mji, shamba na nyumba ya mkutano

Baraza Kuu, lililotunga sheria za Massachusetts, kwa kawaida halikuuza ardhi kwa mtu mmoja mmoja. Lilitoa eneo kwa kundi la familia lililoomba kuanzisha mji, na mara nyingi kundi hilo lilikuwa na mchungaji wake au lilitarajiwa kumpata. Waanzilishi wa Dedham, mji uliopewa ardhi mwaka 1636, walitia saini agano la kuishi kwa upendo, kuwakataa watu wasio wa fikra yao na kumaliza ugomvi kwa usuluhishi. Kanisa lao liliundwa mwaka 1638, baada ya miezi ya mazungumzo ya kupimana imani.

Ndani ya mji kila familia ilipata kiwanja cha nyumba na vipande vya shamba vilivyotawanyika katika maeneo mbalimbali, ili ardhi nzuri na mbaya igawanywe. Ukubwa wa fungu ulifuata idadi ya watu wa nyumbani, mali na heshima ya mtu. Mwenye cheo alipata zaidi, kwa kuwa Wapuritani waliamini kwamba tofauti za hadhi zimepangwa na Mungu. Palikuwa pia na uwanja wa malisho wa wote. Mwaka 1635 Baraza Kuu liliagiza kwamba katika miji mipya nyumba isijengwe zaidi ya nusu maili kutoka nyumba ya mkutano. Usalama ulikuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba mtu aishiye peke yake porini hakuweza kuangaliwa na majirani wala kusikia mahubiri. Agizo hilo halikudumu, kwani wakulima walizidi kufuata ardhi nzuri, lakini mpango wa mji wenye kitovu kimoja ulibaki alama ya New England.

Nyumba ya mkutano lilikuwa jengo la mbao lisilo na picha wala msalaba, na kwa muda mrefu halikuwa na moto hata wakati wa theluji. Jumapili palikuwa na ibada mbili, asubuhi na alasiri, na mahubiri yaliweza kupita saa nzima. Zaburi ziliimbwa bila ala. Watu waliketi kwa kufuata hadhi, wanaume na wanawake mbalimbali. Katika jengo hilohilo wanaume wa mji walijadili uzio, njia, kodi na nguruwe waliozurura mashambani. Ndoa ilifungwa na hakimu, kwa kuwa Wapuritani waliihesabu kuwa mkataba wa kiraia. Krismasi haikutambuliwa, na sheria ya mwaka 1659 ilitoza faini ya shilingi 5 kwa aliyeisherehekea. Ilifutwa mwaka 1681.

Kila mkazi alilazimika kuhudhuria ibada, na kodi ya mji ilimlipa mchungaji, lakini si kila mkazi aliyekuwa mshirika wa kanisa. Kuanzia miaka ya 1630 aliyetaka kuwa mshirika alitakiwa kueleza jinsi neema ya Mungu ilivyomgusa, na washirika waliamua kama maelezo hayo yanaaminika. Aliyekubaliwa alishiriki Meza ya Bwana na watoto wake walibatizwa. Mwaka 1631 Massachusetts iliamua kwamba washirika wanaume pekee ndio watakaopewa haki ya kumchagua gavana na mahakimu. Wachungaji wenyewe hawakuruhusiwa kushika vyeo vya serikali, ingawa mahakimu waliwaomba ushauri karibu katika kila jambo zito. Taratibu za sharika hizi ziliandikwa rasmi na sinodi ya Cambridge, Massachusetts, mwaka 1648.

Mtu aliyetakiwa kuisoma Biblia mwenyewe alihitaji kujua kusoma. Mwaka 1636 Baraza Kuu lilitenga fedha za kuanzisha chuo, ambacho baadaye kilipewa jina la John Harvard, mchungaji aliyekiachia nusu ya mali yake na vitabu vyake vipatavyo 400. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandaa wachungaji. Mtambo wa kuchapa uliofungwa Cambridge ulitoa kitabu cha Zaburi mwaka 1640, kitabu cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Waingereza huko Amerika Kaskazini. Sheria ya mwaka 1647 iliutaka mji wenye familia 50 kuwa na mwalimu wa kusoma na kuandika, na wenye familia 100 kuwa na shule ya kuandaa vijana kwa ajili ya chuo. Sheria yenyewe ilieleza kwamba Shetani hupenda watu wasiyajue Maandiko.

Waliofukuzwa na waliohama

Mfumo huu uliwategemea watu walioamini kwamba wanaufahamu ukweli, na haikuchukua muda wakatofautiana. Roger Williams, mchungaji aliyefika mwaka 1631, alisema sharika za Massachusetts zijitenge kabisa na Kanisa la Uingereza. Alisema pia kwamba hakimu hana haki ya kuadhibu makosa ya ibada, na kwamba mfalme hawezi kuigawa ardhi ambayo wenyeji hawajaiuza. Hoja ya mwisho ilitikisa hati ya koloni lenyewe. Oktoba 1635 mahakama iliamuru afukuzwe. Januari 1636, wakubwa wakijiandaa kumrudisha Uingereza, alitoroka katikati ya theluji akapokewa na Wawampanoag. Mwaka huohuo alianzisha Providence katika ardhi aliyopewa na watemi wa Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi. Aliijua lugha yao vizuri kiasi cha kutoa kitabu juu yake huko London mwaka 1643.

Mgogoro wa pili uligawa Boston yenyewe. Anne Hutchinson, mkunga na mama wa watoto wengi, alifika mwaka 1634 akimfuata mchungaji John Cotton. Nyumbani kwake alikusanya wanawake kujadili mahubiri ya wiki. Baadaye wanaume nao wakaja, wakiwamo wafanyabiashara wakubwa. Alidai kwamba wachungaji wengi wa koloni huwapa watu tumaini la kuokoka kwa matendo, na kwamba aliye na Roho hahitaji mwenendo wake uwe ushahidi. Kwa Winthrop, mafundisho hayo yaling’oa msingi wa sheria, na kutoka kinywani mwa mwanamke yalizidi kumuudhi. Katika kesi ya Novemba 1637 Hutchinson aliwajibu mahakimu kwa ustadi hadi aliposema kwamba Mungu humfunulia mambo moja kwa moja. Alihukumiwa kuondoka, na Machi 1638 alitengwa na kanisa. Yeye na wafuasi wake walianzisha Portsmouth katika kisiwa cha Aquidneck. Mwaka 1643, baada ya kuhamia eneo la Waholanzi, aliuawa pamoja na watoto wake kadhaa katika vita kati ya Waholanzi na wenyeji. Shemeji yake, mchungaji John Wheelwright, aliyefukuzwa kwa mgogoro uleule, alianzisha Exeter huko New Hampshire, eneo ambalo hadi hapo lilikuwa na wavuvi na wachuuzi wasiojali sana mabishano ya Boston.

Makazi ya Providence, Portsmouth, Newport na Warwick yaliungana kuwa Rhode Island. Hati ya Mfalme Charles II ya mwaka 1663 iliahidi kwamba mtu hatasumbuliwa kwa imani yake maadamu havunji amani. Wabatisti, Wakwekeri na Wayahudi walipata nafasi humo, na majirani waliliona koloni hilo kama jalala la wazushi.

Si wote waliofukuzwa. Thomas Hooker, mchungaji wa Newtown huko Massachusetts, aliondoka kwa hiari mwaka 1636 akiwa na watu wapatao 100 na mifugo yao hadi bonde la mto Connecticut, wakajenga Hartford. Malisho yalikuwa yamewabana, na Hooker hakupatana na Cotton wala na masharti makali ya kuwakubali washirika. Kanuni za serikali zilizopitishwa huko Januari 1639 hazikufunga kura kwa washirika wa kanisa. New Haven, iliyoanzishwa mwaka 1638 na mchungaji John Davenport na mfanyabiashara Theophilus Eaton, ilielekea upande wa pili. Waanzilishi wake waliona hata Massachusetts imelegea. Walipanga mji kwa miraba 9, nyumba ya mkutano ikiwa katikati, wakawapa kura washirika pekee na kuendesha mahakama bila jopo la raia la kuamua kesi, kwa kuwa hawakuliona katika sheria ya Musa. Hati ya Connecticut ya mwaka 1662 ililimeza koloni hilo.

Wenyeji na ardhi

Muhuri wa kampuni ya Massachusetts ulikuwa na picha ya mwenyeji akiwaita Waingereza waje kumsaidia, kwa maneno yaliyotokana na Matendo ya Mitume. Kwa miaka mingi wahubiri wachache walishughulika na wito huo, lakini ardhi ilichukuliwa kwa kasi. Winthrop alijenga hoja kwamba ardhi isiyozungushiwa uzio wala kufugiwa mifugo haina mwenyewe kamili. Ndui ya miaka ya 1633 na 1634, iliyoua wenyeji wengi, ilitafsiriwa na baadhi ya Wapuritani kuwa ni Mungu anayesafisha njia. Miji mingi ilinunua ardhi kwa mkataba, lakini wenyeji mara nyingi walidhani wametoa ruhusa ya kuitumia pamoja, na ng’ombe na nguruwe wa wageni waliharibu mashamba yao yasiyo na uzio.

Vita dhidi ya Wapequot vya miaka 1636 hadi 1638 vilifungua bonde la Connecticut kwa walowezi. Tarehe 26 Mei 1637 askari wa makoloni pamoja na washirika wao wa Kimohegan na Kinarragansett walikichoma moto kijiji cha Mystic na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mateka waligawanywa kuwa watumwa au kuuzwa visiwani. Merikebu Desire, iliyopeleka baadhi yao Karibi, ilirudi Boston mwaka 1638 ikiwa na Waafrika. Sheria za Massachusetts za mwaka 1641 zilikataza utumwa kwa maneno, kisha zikauruhusu kwa mateka wa vita vya haki na kwa watu waliouzwa kwao.

Mchungaji John Eliot wa Roxbury alianza mwaka 1646 kuwahubiria wenyeji kwa lugha yao ya Kimassachusett. Natick, iliyoanzishwa mwaka 1651, ulikuwa wa kwanza kati ya miji 14 ya wenyeji Wakristo iliyokuwapo kufikia 1674. Walioingia humo walitarajiwa kubadili mavazi, nywele, nyumba na kilimo. Biblia nzima katika lugha hiyo ilichapwa Cambridge mwaka 1663, ikiwa Biblia kamili ya kwanza kuchapwa Amerika, na ilitegemea sana wakalimani na mafundi wenyeji kama James Printer.

Mwaka 1675 Metacom, mwana wa Massasoit, aliongoza vita vilivyoyashirikisha mataifa kadhaa. Zaidi ya nusu ya miji ya Waingereza ilishambuliwa. Wenyeji Wakristo, wengi wao wakiwa upande wa Waingereza, walikusanywa katika Deer Island, kisiwa cha bandari ya Boston, na wengi walikufa kwa njaa na baridi. Metacom aliuawa Agosti 1676. Wachungaji waliulizwa kama Biblia inaruhusu mtoto wake auawe. Hatimaye aliuzwa utumwani. Kusini mwa New England hapakubaki taifa la wenyeji lenye nguvu ya kuzuia makazi mapya.

Wakwekeri kwenye mti wa kunyongea

Wabatisti, waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, walitozwa faini na baadhi kuchapwa viboko. Adhabu kali zaidi ziliwafika Wakwekeri, au Marafiki, waliofundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, hivyo hakuna haja ya wachungaji wa kulipwa. Wawili wa kwanza, Mary Fisher na Ann Austin, waliwasili Boston mwaka 1656. Walifungwa, vitabu vyao vikachomwa, wakarudishwa baharini. Wengine wakaja. Sheria ya mwaka 1658 iliamuru kwamba aliyefukuzwa akirudi anyongwe. Kati ya 1659 na 1661 wanne walinyongwa, akiwamo Mary Dyer, aliyewahi kuwa mfuasi wa Hutchinson na ambaye alirudi Boston akijua linalomngoja. Mwaka 1661 Mfalme Charles II aliagiza adhabu hizo zisitishwe.

Mwisho wa jumuiya ya washirika

Ndani ya sharika zenyewe tatizo lilikuwa jingine. Watoto wa waanzilishi walibatizwa, lakini wengi walipokua hawakuwa na simulizi la neema la kusimulia. Kwa kanuni zilizokuwapo, watoto wao wasingebatizwa, na kanisa lingepungua kizazi baada ya kizazi. Sinodi ya mwaka 1662 iliruhusu watu hao kubatiza watoto wao bila kushiriki Meza ya Bwana wala kupata kura ya kanisa. Sharika nyingi zilibishana kwa miaka juu ya uamuzi huo, na baadhi ziligawanyika.

Pigo la nje lilitoka London. Mwaka 1684 hati ya Massachusetts ilifutwa, na kuanzia 1686 New England iliwekwa chini ya gavana wa mfalme, Edmund Andros, aliyedai nyumba moja ya mkutano ya Boston itumike kwa ibada ya Kianglikana na kutilia shaka hati za ardhi za miji. Watu wa Boston walimwangusha mwaka 1689, habari za mapinduzi ya Uingereza zilipofika. Hati mpya ya mwaka 1691 iliiunganisha Plymouth na Massachusetts, ikaweka mali badala ya ushirika wa kanisa kuwa sharti la kura, na kuwapa uhuru wa dhamiri Wakristo wote isipokuwa Wakatoliki.

Mwaka uliofuata ulifika msiba wa Salem. Wakulima wa Kijiji cha Salem, ambacho leo ni Danvers, walikuwa wamepigania kwa miaka kuwa na kanisa lao, mbali na mji wa bandari, na walilipata mwaka 1689 chini ya mchungaji Samuel Parris, wakabaki wamegawanyika juu ya mshahara wake. Katika nyumba yake ndiko wasichana walikoanza kudai kuteswa na wachawi. Zaidi ya watu 150 walishtakiwa. 19 walinyongwa na mmoja alikandamizwa kwa mawe hadi kufa. Gavana aliivunja mahakama iliyowahukumu Oktoba 1692, na mwaka 1697 mmoja wa majaji, Samuel Sewall, alitubu hadharani mbele ya usharika wake.

Baada ya hapo makanisa ya Wapuritani yaliendelea kulipiwa kodi na kuongoza maisha ya miji mingi, lakini hayakuwa tena mlango wa uraia. Wabatisti, Wakwekeri na Waanglikana walipata misamaha ya kodi hiyo katika karne ya 18. Katiba ya Marekani ilipozuia serikali ya shirikisho kuweka dini rasmi, mwaka 1791, majimbo yaliachwa na mipango yao. Connecticut iliacha kuligharamia kanisa lake mwaka 1818. Massachusetts ilifanya hivyo mwaka 1833, ikiwa ya mwisho kati ya majimbo yote, karibu miaka 200 baada ya kumfukuza Roger Williams kwa kusema kwamba hakimu hana mamlaka juu ya ibada ya mtu.